Mipaka ya sysctl kwenye Linux: namba ikae ndani ya jedwali, au tubaki na pointa?

KokotoaTz: Wakuu, naleta hoja. Kila kigezo cha sysctl (mpangilio wa kiini cha Linux unaobadilishika mashine ikiwa inafanya kazi) kina kipengele chake ndani ya jedwali la aina ya ctl_table, na mipaka yake, ya chini na ya juu, imewekwa kwenye sehemu za extra1 na extra2. Hizo ni pointa za void, yaani zisizotaja aina ya data: unaweka anwani ya namba kwenye kumbukumbu, si namba yenyewe. Ukitaka kigezo kisishuke chini ya sifuri unaandika SYSCTL_ZERO, anwani ya kwenye safu ndogo inayotumiwa na wote. Hata kikomo cha juu cha swappiness (kigezo cha kiasi cha kuhamishia kumbukumbu diskini) kilipopanda kutoka 100 hadi 200 kwenye toleo la 5.8 la Linux, kilichoandikwa bado ni anwani. Nasema namba iandikwe palepale. Mnaonaje?

mzee_wa_gcc: Naunga mkono. Mmeshasahau kosa la file-max (kigezo cha idadi ya juu ya faili zinazofunguliwa) la 2019? Kikomo cha chini kilipewa anwani ya sifuri ya int (namba ya baiti 4), msimbo unaoisoma ukaichukulia kama unsigned long (ya baiti 8 kwenye 64-biti). Baiti zipo 4, wenyewe ukasoma 8. Kompaila (programu inayotafsiri msimbo) kimya, kwa sababu void haina aina.

Bint_Salum: Hapo kosa ni la aina, ndugu yangu, pointa mnaisingizia. Ukiweka sifuri yenyewe kwenye extra1, utaitofautishaje na NULL, yaani pointa tupu? Leo NULL ina maana "hakuna kikomo". Na pid_max, kikomo cha namba za michakato, je? Kikomo chake cha chini kinakokotolewa mashine inapowaka, kufuatana na idadi ya CPU. Huwezi kukiandika mapema.

mzee_wa_gcc: Basi ziongezwe sehemu mpya mbili za long, min na max, na extra1 ibaki kwa wanaoihitaji. Kama mtasema uint (int isiyo na hasi) haiingii kwenye long ya mashine za 32-biti, hizo mashine ni za makumbusho. Zisitucheleweshe.

FundiRuta: Makumbusho? Mimi nalisha watoto kwa hizo mashine. Ruta nyingi ninazofunga ni ARM ya 32-biti na ziko kazini sasa hivi. Kauli kama hiyo ndiyo inafanya watu wa mitaani waonekane hawana sauti.

mzee_wa_gcc: Hakuna aliyekutaja. Lakini tuwe wakweli, OpenWrt wenyewe, wanaotengeneza Linux ya ruta, wanaonya watu wasinunue vifaa vya flashi MB 4 na RAM MB 32.

FundiRuta: RAM na biti ni vitu viwili tofauti! Nina ruta ya 32-biti yenye RAM MB 256. Unachanganya mambo halafu unatufundisha.

KokotoaTz: Wakuu, turudi kwenye mipaka.

kamba_ya_mtandao: Turudi wapi wakati mtu ametukanwa? FundiRuta yuko sahihi. Long ya 32-biti inaishia 2147483647, uint inafika 4294967295. Ukiipuuza hiyo, kikomo kinageuka hasi kwenye kifaa cha mteja.

mzee_wa_gcc: Sawa, tumia s64, namba ya biti 64 kwenye kila mashine. Umeridhika?

Bint_Salum: Mimi sijaridhika. s64 mbili ni baiti 16 zaidi kwa kila kipengele, hata kwa vigezo visivyo na mipaka kabisa. Na majedwali mengi ya mtandao yanakopiwa kila namespace mpya ya mtandao (mazingira ya mtandao yaliyotengwa) inapoundwa. Anayetaka hili alete pachi (mabadiliko ya msimbo) na ukubwa wa ctl_table kabla na baada, kwa 32-biti na 64-biti.

FundiRuta: Na neno "makumbusho" lifutwe kwanza.