Shule ni ya bure ila nadaiwa dola 450, na jirani wa shule kanipiga picha. Naomba ushauri

Mama Neema SD: Habari zenu wapendwa. Tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, huu mwaka wa nne tuko San Diego, City Heights. Wanangu wawili wanasoma shule ya chata, hizi za umma zinazojiendesha na bodi yake. Wiki jana wamerudi na fomu ya mwaka ujao: "mchango wa familia" dola 225 kila mtoto, na mzazi ajitolee saa 30 kwa mwaka. Saa zikipungua, unazilipia. Baba yao yuko zamu ya usiku, mimi nasafisha vyumba hotelini. Saa 30 nazitoa wapi?

La pili. Shule iko kwenye jengo lililokuwa kanisa, haina pa kushushia watoto. Asubuhi magari yanajaa hadi milangoni kwa watu. Jumatatu nilisimama mbele ya geti la bibi mmoja Mmeksiko, dakika mbili tu, akatoka na simu akanipiga picha. Naona hata aibu kupita pale. Nikigoma kulipa, watoto watafukuzwa?

Kaka wa Sacramento: Dada, hawafukuzwi. Sheria ya California inayoitwa AB 1575, inatumika tangu 2013, inakataza shule za umma, chata zikiwemo, kudai ada kwa shughuli za masomo. Kuomba wanaruhusiwa, kudai hapana. Hizo saa za kujitolea nazo haziwezi kuwa sharti la mtoto kupokelewa au kubaki. Andika malalamiko kwa mkuu wa shule; hata bila jina yanapokelewa ukiweka ushahidi, kwa hiyo fomu usiitupe! Wana siku 60 za kujibu, na usiporidhika unakata rufaa idara ya elimu ya jimbo. Wakikutwa na kosa wanawarudishia wazazi wote waliolipishwa.

Mzee wa Minneapolis: Kaka kasema kweli, ila dada usiingie kwa vita. Huku Minnesota ndiko chata zilikoanzia, sheria ya 1991, na nimewahi kukaa kwenye bodi ya mojawapo. Pango la jengo linakula hela mpaka unahurumia walimu. Ukijaliwa dola 20 toa, kwa hiari, na risiti udai.

Binti Kariakoo: Kumbe hata Marekani 😂 Huku elimu bila ada tangu 2016, na wangu jana karudi na kikaratasi cha hela ya mlinzi.

Mama Faraja: Mmeng'ang'ania hela, la bibi hamjaligusa. Mama Neema, bibi ana haki. California kuziba njia ya gari ya mtu ni kosa hata kama umekaa ndani na injini inawaka; unaandikiwa faini, na gari linaweza kuvutwa. Yeye anayavumilia hayo kila siku ya shule. Halafu kuna jambo watu hawalisemi: hela ya jimbo inafuata mahudhurio ya watoto. Wakihamia chata, shule ya mtaa inabaki na madarasa matupu na bajeti iliyokonda. Pengine wajukuu zake wako huko, ndiyo maana kila gari linalosimama pale linamchoma mara mbili. Egesha mitaa miwili nyuma, mtembee. Jirani wa shule yetu alininunia mwaka mzima. Nilimgongea na sahani ya sambusa, binti yangu akanitafsiria Kihispania. Siku hizi ananiuliza mbona sijapita.

Mama Neema SD: Asanteni sana. Nimeisoma fomu tena: juu "unatakiwa", chini kabisa kwa herufi za sisimizi "kwa hiari". Nimeipiga picha, barua ataandika mwanangu mkubwa, Kiingereza chake kimenizidi. Leo nimeegesha karibu na dobi, tumetembea. Bibi nimempungia mkono. Hakujibu, ila simu hakuitoa. Mama Faraja, sambusa za nyama au za dengu?

Mama Faraja: Dengu. Ni Kwaresima, usikute Mkatoliki.