MJADALA: Ushuru wa mchanga na samaki ulipe bima ya wanaougua kwa kazi hizo?

Muuguzi wa Ghubani (mleta mada)

Mimi ni muuguzi katika zahanati moja kando ya Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, mwaka wa kumi na moja sasa. Daftari ninalojaza kila asubuhi lina jina la mgonjwa, umri, kijiji, ugonjwa na dawa aliyopewa. Kazi anayoifanya haina mahali pa kuandikwa. Mwaka 1700 daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliwahimiza madaktari wenzake waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Zaidi ya miaka mia tatu imepita na swali hilo halijafika mezani kwangu.

Lililonisukuma ni hili. Kuna mzee mchimba mchanga wa upande wa Nyakach. Mwezi uliopita nilimpa dawa ya kichocho kwa mara ya tatu. Dawa hiyo, prazikwanteli, ni nzuri, inaua minyoo iliyomo mwilini, lakini haizuii mingine kuingia. Vimelea hutoka kwa konokono, huogelea, na hupenya ngozi isiyo na hata mkwaruzo kwa dakika chache. Nikimtibu Jumatatu, Jumanne yumo majini hadi kifuani na beleshi lake. Nikamwambia akae mbali na maji kidogo. Akanitazama kwa huruma, yaani mimi ndiye niliyehurumiwa, akaniuliza: "Daktari, mchanga utatoka wenyewe?"

Lori likishajaa, hulipiwa ushuru wa kaunti kwenye kizuizi cha barabarani. Samaki hulipiwa, mawe hulipiwa. Fedha hizo ni halali na sina ugomvi na anayezikusanya. Uchungu wangu ni kwamba hazimrudii aliyeingia majini. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 inamlinda mwajiriwa: akiumia kazini au akipata ugonjwa wa kazi, mwajiri anadaiwa. Mzee wangu hana mwajiri, anauza mchanga kwa tripu. Mwenye kuchonga jiwe analipwa kwa jiwe. Kwenye karatasi hawa ni watu wanaojifanyia kazi, kwa hiyo wakiugua ni shauri yao.

Hoja yangu: sehemu ya ushuru huo itengwe, ilipe SHA, yaani bima ya afya ya serikali, ya wanaofanya kazi hizo. Kwa asiye na mshahara, kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na sheria inataka alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo, yaani 3,600. Mtu anayekula alichopata leo ataikusanyaje? Leteni maoni, hasa mnaopinga.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega

Dada, napinga, na naomba usinione adui wa mzee wako.

Kazi gani haina ugonjwa wake? Nimefundisha miaka thelathini na minne, nikastaafu na presha, kisukari, na koo lililokwaruzika kwa kupaza sauti darasani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha. Wamo makarani, madereva, hata wachungaji wa kanisa. Tukianza kulipiana bima kwa kazi, kila chama kitasimama na ugonjwa wake mkononi. Wenye sauti kubwa ndio watakaosikika, na mchimba mchanga atabaki mkiani pale pale.

Tena ushuru huo una kazi yake. Malori hayo ndiyo yanayobomoa barabara za vijijini, na uchimbaji ndio unaokula kingo za mito. Fedha zikihamishiwa bima, maji yakija mtamwita nani?

Na mvuvi si maskini kama mnavyomchora. Kuna usiku anashika pesa ambayo mimi niliingojea hadi mwisho wa mwezi. Asubuhi inakuwa imekwenda, na mnajua inakokwenda. Nidhamu nayo ni kinga.

Mama wa Obunga

Shikamoo Mwalimu. Nivumilieni, mimi si mtu wa kuandika mambo marefu.

Nakaanga mgongo wazi. Kwa msiojua: mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, akifika kiwandani, minofu hukatwa ikapelekwa ng'ambo. Kinachobaki ni kichwa, mgongo na mkia, na hicho ndicho tunachonunua sisi, tukakaanga na kuuza mitaa ya Kisumu, Kondele, Manyatta, popote penye mtu mwenye sarafu chache na ugali mkononi. Watoto wangu wanne wamesomea migongo hiyo, siionei haya. Lakini nimesimama mbele ya pipa la mafuta miaka kumi na tisa. Kuni zinakuja mbichi. Mvua ikinyesha tunajibana chini ya mabati na moshi wote unabaki na sisi. Jioni nikipenga, kamasi ni jeusi. Usiku naegemea mito miwili, nikilala chali pumzi inakatika.

Hospitalini nikaulizwa kama navuta sigara. Nikasema la. Mume je? La. Nikaandikiwa dawa ya pumu nikarudi kwa pipa langu. Kuhusu moto sikuulizwa, na nguo niliyovaa ilikuwa inanuka samaki na moshi pale pale mbele ya meza yake.

Muuguzi mwanangu, hoja yako naikubali nusu. Nikilipiwa SHA nitashukuru, lakini nitapewa dawa ile ile na kurudi kwenye moshi ule ule. Tikiti ya ushuru nalipa kila siku ya soko. Hizo pesa zitujengee banda lenye paa la juu na bomba la kutoa moshi, na majiko yanayokula kuni kidogo. Kikohozi kikiniacha, hiyo kadi nitaihitaji kwa mambo mengine.

Fundi Mawe, Nakuru

Mama amesema langu. Kwake moshi, kwangu vumbi.

Nachonga mawe ya kujengea tangu nikiwa kijana. Nimemaliza dawa za kifua kikuu mara mbili. Mara ya pili nikampata daktari mmoja kijana aliyeketi akanieleza: vumbi la mawe lina silika, chembe ndogo kuliko zile unazoziona kwenye mwale wa jua dirishani. Zinashuka hadi ndani kabisa ya pafu, pafu linafanya kovu, na pafu lenye kovu ni rahisi kushikwa na kifua kikuu. Kovu lenyewe halina dawa. Kile kitambaa nilichokuwa nikijifunga puani kilizuia vumbi kubwa tu, lile ambalo pua ingelizuia yenyewe.

Na kinga yake wala si ya ajabu, ni maji. Jiwe likiloweshwa vumbi halipai. Lakini mimi nalipwa kwa jiwe. Mtungi wa maji nanunua mwenyewe, na dakika za kumwagia ni mawe yaliyopotea. Mwenye machimbo anataka lori lijae. Mwalimu, mimi sinywi pombe na saa tatu usiku nimeshalala. Niambie ni nidhamu ipi ingeniletea maji.

Bodaboda wa Kondele

Na sisi tuandikwe wapi? Baridi ya saa kumi alfajiri, moshi wa malori usoni, kiuno kimekwisha na bado sijafika miaka thelathini na tano. Wenzangu wengi wanavunjika miguu kabla mapafu hayajapata nafasi ya kuugua. Naunga mkono bima.

Mwanafunzi wa Afya ya Umma, Maseno

Wakubwa wangu, naona tunatenganisha kazi na tabaka kana kwamba havikai nyumba moja.

London, kuanzia mwaka 1967, watafiti waliwafuatilia zaidi ya wanaume 17,000 watumishi wa serikali katika ofisi za Whitehall. Michael Marmot ndiye jina linalojulikana zaidi kwa kazi hiyo. Kule hapakuwa na mchanga, moshi wa kuni wala vumbi la mawe. Wote wana mshahara, wote wana hospitali ya umma isiyowatoza. Ungedhani wakubwa wenye mizigo ya maamuzi ndio wanaokufa kwa moyo. Ilikuwa kinyume. Matarishi na wenzao wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo zaidi ya mara tatu ya wakuu wao, na kila ngazi katikati ilikuwa na hali mbaya kuliko ile iliyo juu yake. Sigara na presha zilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Utafiti uliofuata uliangalia jambo jingine: mtu ana uamuzi kiasi gani juu ya kazi yake mwenyewe? Fundi ameshalisema bila kwenda London. Anajua jiwe liloweshwe, ila uamuzi si wake.

Mfano wa hapa kwetu ni jaboya. Mwanamke asiye na boti analazimika kumpendeza mvuvi ili apate samaki wa kuuza, na virusi vya UKIMWI vimepita njia hiyo kwa miaka mingi. Tumewahubiria sana wanawake hao. Wale wa Nduru, Nyakach, walipotafuta boti zao wenyewe, mvuvi akawa kibarua wa mwanamke, na yale masharti ya gizani yakakosa nguvu. Mafuriko ya 2020 yakawahamisha, na huzuni yake ni kubwa. Lakini walituonyesha kwamba umiliki nao ni jambo la afya. Naomba hilo lisisahaulike tunapozungumzia kadi.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega

Fundi, nakuomba radhi. Neno la nidhamu nililitupa kwa wote na wewe halikukuhusu. Kwa wavuvi bado nalishikilia.

Kijana wa Maseno, umenisaidia mimi kuliko Muuguzi. Kama ugonjwa unatoka kwenye cheo, maji na boti, basi kadi ya bima inamngoja mtu mwisho wa mteremko akishaanguka. Ushuru uende kwenye bomba la Mama na maji ya Fundi. Hapo nitasaini. Lakini Muuguzi, hata hapo utakwama. Utakwenda kwa wawakilishi wa wadi na kisa cha mzee mmoja, watakusikiliza kwa heshima, kisha mmoja atauliza: wako wangapi? Utajibu nini?

Muuguzi wa Ghubani

Asanteni. Mama, nusu uliyoikataa imenikaa moyoni. Nilikuwa nawaza kutoka upande wa dirisha la dawa, kwa sababu ndipo ninaposimama.

Ila Mwalimu, bima siiachi. Moshi unaweza kujengewa bomba, jiwe likaloweshwa. Ziwa utalifanya nini? Hapa Kisumu, KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, walichunguza kwa miaka mingi vijana wanaoosha magari wakiwa wamesimama ndani ya ziwa. Walitibiwa kichocho, wakaambukizwa, wakatibiwa tena. Baadhi yao, baada ya matibabu ya kurudiarudia, miili ilianza kujenga kinga ya kutoambukizwa haraka kama mwanzo. Wale ambao kinga yao ilishushwa na virusi vya UKIMWI hawakufaidika hivyo. Maana yake ni kwamba kwa mtu wa majini, kutibiwa mara kwa mara ni sehemu ya kumkinga. Na kampeni za dawa za minyoo huwafuata watoto shuleni. Mzee wangu hajafika shuleni tangu miaka ya sitini. Anakuja akiwa na maumivu tayari, kwa nauli yake, na kipimo analipa.

Kwa hiyo hoja yangu naibadilisha, siiondoi. Kila kaunti inayotoza ushuru wa kazi fulani itenge mafungu mawili: moja la kupunguza hatari pale pale kazini, chaguo la wenye kazi wenyewe, na moja la bima kwa wale ambao hatari yao haiwezi kuondolewa. Bodaboda, wewe nakuweka kwenye fungu la pili, na kofia ngumu kwenye la kwanza.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega

Mafungu mawili nayaelewa. La pili bado naliogopa, litaliwa na wasioingia majini. Na hujanijibu: wangapi?

Muuguzi wa Ghubani

Jumatatu nilichukua rula nikachora safu ya kazi mwenyewe, kwenye ukingo wa daftari, kwa kalamu nyekundu. Kurasa nne zimejaa. Bado ni kidogo mno kupeleka kwa mtu yeyote, nitaendelea hadi mwaka uishe kisha nikuletee hesabu. Kuandika "kazi" si rahisi kama nilivyofikiri. Mwanamke mmoja alisema hana kazi, kumbe anapalilia mashamba ya watu matatu na jioni anauza omena, wale dagaa wa ziwani. Nikajaza yote.

Jana alikuja msichana wa miaka kumi na tatu, kichocho. Nikamuuliza anafanya kazi gani, akacheka, akasema yuko gredi ya saba. Nikamuuliza asubuhi anaamka saa ngapi. Saa kumi na moja, anaingia majini kupakua omena kwenye boti ya mjomba, kisha anakwenda shule. Nimeandika vyote viwili: mwanafunzi, mpakuaji wa omena. Safu haikutosha, maandishi yameingia kwenye mstari wa mgonjwa aliyefuata.