Maji ya ploti za juu yanaishia kwangu. Nichimbe shimo?

Baba Ciru, Kiamunyi
Jamani, naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Nilinunua ploti ya 50 kwa 100 huku Kiamunyi, Nakuru, wakati upande wa juu ulikuwa shamba la mahindi. Sasa shamba limekatwa ploti zaidi ya arobaini, nyingi zimejengwa, na kila mtu amemwaga kabro, yale matofali ya zege ya kutandaza uani, kutoka mlangoni hadi getini. Aliyetuuzia alichonga barabara ya changarawe moja kwa moja kutoka juu hadi chini, mtaro hakuna. Mvua ikinyesha barabara ndiyo mto, na mto unakata kona getini kwangu. Jirani ameinua kizingiti chake kwa mawe, kwa hiyo fungu lake nalo nimeachiwa mimi. Fundi anasema tuchimbe shimo la futi 20 nyuma ya nyumba, tulijaze mawe, maji yazame humo. Anataka pesa ya kuanzia Jumamosi. Nimpe?

Kijana wa Section 58
Mzee, nunua mashua, utatoza nauli. Lakini kweli, ngoja watu wa udongo waseme.

Saveya Mstaafu
Usimpe.

Nakuru tumejenga juu ya majivu ya volkano. Udongo huu ukiwa mkavu ukuta wa shimo unasimama wima bila tatizo, ndiyo maana mafundi wanaupenda. Ukilowa mfululizo unalegea na kubebwa na maji chini kwa chini. Isitoshe tuko ndani ya Bonde la Ufa, na nyufa za zamani zimejaa majivu hayohayo. Mnakumbuka Machi 2018, barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilipokatika pale Suswa? Wanajiolojia wengi walisema ufa ulikuwepo siku zote, mvua ilisomba tu kilichoujaza. Sasa wewe unataka kukusanya maji ya mtaa mzima hatua chache kutoka msingi wako! Shimo likikataa kunyonya, una kidimbwi. Likinyonya vizuri ndipo ningeogopa.

Halafu piga hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 120 za mraba, mvua ya milimita 40, hiyo ni lita 4,800. Zidisha kwa nyumba arobaini: lita 192,000, kabro na barabara bado. Mahindi yalikuwa yakinywa sehemu kubwa ya maji hayo. Hakuna shimo la futi 20 litakalomeza.

Kwa hiyo kazi ianzie juu. Kila nyumba iweke gata na tangi, na tangi litumike, kwa sababu tangi lililojaa tangu mvua ya jana halizuii hata tone. Kabro ziachiwe ukanda wa nyasi. Barabarani chimbeni mtaro wenye vizuizi vifupi vya mawe hapa na pale, maji yapunguze mbio yasije yakachimba korongo. Kipimo cha mteremko si lazima mashine: mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani unatosha.

Mama Boi, Mwariki
Saveya, mtaro wako unaishia wapi? Ninyi wa juu mkishamaliza kuchimba mnasema kazi imekwisha. Ziwa Nakuru halina mahali pa kutokea, kila kinachoteremka kinabaki huku, pamoja na chupa zenu na mchanga wenu. Lango kuu la zamani la mbuga lilimezwa na maji, na majirani zangu wamehama.

Saveya Mstaafu
Mama, una haki. Ndiyo maana nimeanza na matangi. Mtaro wenyewe uunganishwe na mfereji wa kaunti, usimwagwe tu kwa shamba la mtu.

Baba Ciru, Kiamunyi
Fundi nimemwambia asubiri. Tumeita kikao, lakini mwenye ploti ya juu kabisa amekataa kuchanga. Anasema maji hayamsumbui.

Saveya Mstaafu
Yatamsumbuaje na yeye ndiye anayeyatuma? Msianze na mchango. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka mgawanyo wa shamba upitishwe na kaunti, kwa hiyo nendeni kwa ofisi ya mipango muombe nakala ya ramani iliyopitishwa. Kama njia ya maji imechorwa na mtu ameijengea ukuta, hapo hamumwombi tena. Na aliyewauzia pia ana maswali ya kujibu.