Wayahudi, Waarabu na hoja ya "mwenyeji wa asili": sheria inampimaje?

Mchokoza_Mada

Wakuu, kuna mdahalo wa wanafunzi wa sheria, na mada ni hii: kati ya Wayahudi na Waarabu wa Palestina, nani anastahili kuitwa mwenyeji wa asili? Nikisoma, upande mmoja unaleta Daudi na hekalu, mwingine unaleta Wakanaani, na wote wanamalizia kwa DNA. Nauliza: sheria ya kimataifa ina kipimo gani? Kuna kesi ambayo hoja hii ilifika mbele ya jaji? Na kosa gani hutokea jukwaani? Ushabiki tafadhali pelekeni uzi mwingine.

Wakili_Mzizima

Shika kwanza Tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili, la 13 Septemba 2007. Lilipita kwa kura 144 dhidi ya 4, na nchi 11 hazikuegemea upande wowote. Kenya na Burundi zilikuwa kati ya hizo 11, Tanzania ilisema ndiyo, Israeli haikupiga kura kabisa. Lina ibara 46 na hakuna hata moja inayoeleza mtu wa asili ni nani. Ibara ya 33 inawaachia wahusika wenyewe waamue utambulisho wao.

Pengo hilo wengi hulijaza kwa kipimo cha Martínez Cobo, ripota (mchunguzi maalumu) wa UM. Anataka jamii iwe na mwendelezo na waliokuwepo kabla ya uvamizi au ukoloni, ijione tofauti na wengine wanaoishi hapo, isiwe ndiyo inayotawala, na idhamirie kurithisha ardhi na utamaduni wake.

Wayahudi wana nguvu kwenye mwendelezo wa utamaduni. Sala ya mvua ya sikukuu ya Shemini Atzeret husaliwa hata Australia, ingawa mvua inayoombwa ni ya msimu wa nchi ile ya mababu. Wanakwama kwenye kutotawala, maana tangu 1948 dola ni yao. Waarabu wana nguvu kwenye kuishi pale mfululizo. Wapinzani watawaambia Kiarabu na Uislamu viliingia na majeshi ya karne ya 7. Jibu lake ni kwamba watu wakibadili lugha haina maana wamebadilishwa wao. Sehemu kubwa ya wakazi walihama polepole kutoka Kiaramu na Kiyunani kwenda Kiarabu.

Ugomvi wenyewe umejificha kwenye maneno "kabla ya uvamizi". Uvamizi upi? Myahudi anaanza na Roma mwaka 70, Mwarabu anaanza na Waingereza 1917. Kila mmoja anachagua saa ya kuanzia, kisha anashinda kwa saa yake.

Kaskazi_Ardhi

Swali la kesi ndilo lenye nyama. Tafuta hukumu ya ukoo wa al-Uqbi, Wabedui (Waarabu wa jangwani) wa Negev, jangwa la kusini mwa Israeli (wenyewe huita Naqab), kuhusu mashamba ya al-Araqib, kaskazini ya Be'er Sheva. Mahakama ya Wilaya iliwakatalia Machi 2012, Mahakama ya Juu ikakazia Mei 2015. Mtaalamu wa wadai alikuwa mwanajiografia Oren Yiftachel, wa serikali Ruth Kark. Wote Wayahudi wa Israeli, kwa hiyo anayedhani mjadala huu umegawanyika kwa dini tu aanze kufikiri upya.

Mzizi wake ni Sheria ya Ardhi ya Kiosmani (dola ya Waturuki iliyotawala pale kabla ya Waingereza) ya 1858, inayotaja aina ya ardhi iitwayo mawat, yaani ardhi mfu. Ni mzizi uleule wa "mauti" yetu. Ni ardhi isiyo na mwenyewe, iliyo mbali na makazi kiasi kwamba mtu akipaza sauti hasikiki. Umbali huo ulikadiriwa maili moja na nusu, au mwendo wa nusu saa. Mwaka 1921 Waingereza wakatangaza kwamba aliyekuwa amelima mawat bila kibali atoe taarifa ndani ya miezi miwili. Miezi miwili! Wabedui wengi hawakwenda. Mipaka yao ilijulikana kwa mila, na kuandikishwa kulinuka kodi.

Mwaka 1984, kwenye kesi ya al-Hawashla, Mahakama ya Juu iliona kambi ya mahema si kijiji cha kupimia ule mlio wa sauti. Ushahidi mmojawapo ulikuwa maelezo ya Palmer, msafiri Mwingereza aliyepita huko 1870 akaona nyika tupu. Hapo karibu Negev yote ikawa mfu kisheria.

Al-Uqbi walikuja na stakabadhi za kodi, masimulizi ya wazee, na ushahidi kwamba kabla ya 1948 Wayahudi walinunua ardhi kwa Wabedui. Mahakama ikasema kulipa kodi si kumiliki, na picha za angani za miaka ya 1940 hazithibitishi kilimo cha zama za Kiosmani. Angalia mtego: mzigo wa ushahidi uko kwa mdai, na picha ya 1945 haiwezi kusema lolote kuhusu 1858. Juu yake kuna sheria ya utwaaji ardhi ya 1953. Wadai walisema jeshi liliwahamisha 1951. Kati ya masharti yake, sheria ile inauliza nani alikuwa shambani 1 Aprili 1952.

Mchokoza_Mada

Kwa hiyo uenyeji wa asili haukuguswa kabisa?

Kaskazi_Ardhi

Uliguswa. Mahakama iliona Tamko la 2007 haliibani Israeli. Serikali pia ilimjibu hivyo ripota wa UM James Anaya mwaka 2011: haikubali kwamba Wabedui ni watu wa asili. Usisahau ukubwa wa suala: usajili wa ardhi ya Negev ulipoanza 1971, Wabedui waliwasilisha madai kama 3,200.

Mnazi_Mkinda

Naongeza kosa la jukwaani: kuchanganya haki tatu. Kuna haki ya taifa kujiamulia, kuna haki za watu wa asili, na kuna hati ya shamba la mtu. Uongozi wa Palestina kwa kawaida husimama kwenye ile ya kwanza, na una sababu: ibara ya 46 ya Tamko inalinda mipaka ya dola iliyopo. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa maoni kuhusu ukuta wa Israeli kwenye ardhi ya Wapalestina mwaka 2004 ilitambua haki ya Wapalestina kujiamulia bila kuuliza nani alitangulia. Hati ya Udhamini ya 1922, iliyowakabidhi Waingereza Palestina, nayo inataja uhusiano wa kihistoria wa Wayahudi na Palestina. Uhusiano haujawa hatimiliki, hapo usikubali kusogezwa.

Simuafiki sana Wakili kumtegemea Cobo. Mahakama ya Afrika, kwenye kesi ya Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya, mwaka 2017, iliangalia pia jamii inavyojitambua, inavyotegemea ardhi ile na ilivyosukumwa pembeni. Kwa kipimo hicho Mbedui wa al-Araqib ana kesi nzuri kuliko mwanasiasa yeyote, Myahudi au Mwarabu, anayegombania mji mzima.

DNA iacheni. Tafiti zinaonyesha pande zote mbili zina nasaba ya eneo lile, na msajili wa ardhi hapokei mate.