Mshahara wa kawaida na pochi za brandi kubwa: mlioko Mtwara na Lindi mnafanyaje?

BintiLigula
Wakuu habari za jumapili. Naombeni mnisikilize kwanza maana najua wapo ambao wakisikia neno pochi tu wanaanza kusema wanawake hatuna akili ya pesa. Mi ni mtumishi, niko hapa Mtwara mjini, basic yangu laki nane, na napenda vitu vizuri, napenda kweli na sio kwa ajili ya kumuonesha mtu, napenda ngozi iliyoshonwa ikashoneka na kiatu ambacho hakiachii soli baada ya mvua mbili.

Sasa shida ni hesabu. Kwenye hiyo laki nane Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wanaondoka na asilimia 15 yao ambayo ni 120,000, PSSSF ya pensheni asilimia 5 ni 40,000, bima ya afya asilimia 3 ni 24,000, chama cha wafanyakazi asilimia 2 ni 16,000, halafu kodi ya mshahara, PAYE, 68,000. Ninachoshika mkononi ni 532,000. Hapo kuna kodi ya nyumba, kuna mama Nachingwea lazima nimtumie, kuna luku, kuna kula, kuna bodaboda za kila siku.

Neverfull ya Louis Vuitton mpya dukani kwao inapita dola 2,000, kwa hela yetu ni milioni tano na kitu, yaani nisile nisilipe kodi miezi kama kumi. Hiyo nimeshaitoa kichwani. Lakini naona wadada wenye vipato kama changu wana Coach, wana Michael Kors, na ukiishika unaona kabisa hii sio kopi. Mnafanyaje? Nataka nisikie kwa mtu anayeishi huku kusini, sio wa Dar ambaye akitoka kazini anapita soko la mtumba la Karume anachagua anaenda kwake.

Mwanakusini84
Mdogo wangu, ushauri wa kaka yako, hiyo hela kadunduliza utafute shamba la mikorosho hata ekari mbili Nanyamba au Tandahimba. Mkorosho mwaka wa tatu unaanza kukupa. Pochi itakuja baadae na itanunuliwa na korosho sio na mshahara.

SheMikindani
Kaka Mwanakusini shamba ni jambo jema na sikupingi, ila dada hajasema hana mpango wa shamba, kauliza kitu kingine. Mtu anayefanya kazi mwezi mzima ana haki ya kuwa na kitu kimoja anachokipenda. Tumjibu alichouliza.

MamaChikongola
Mwanangu BintiLigula, mimi mikoba ya mtumba nimeuza muda mrefu na bado nauza, ngoja nikueleze vizuri maana hili jambo naliishi.

Kwanza kabla hujatafuta hela mpya tafuta hela inayokupotea. Nikuulize, kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili unashona sare ngapi? Huku kwetu mnada wa korosho ukianza tu hela zikaingia kwenye akaunti za wakulima basi ni harusi, ni unyago, ni kumtoa mwali, ni kitchen party, na kila shughuli ina sare yake, kitambaa elfu 35, mshono elfu 25, kilemba, na doti ya kanga ya kutuza, na mchango juu. Hapo shughuli moja inakaribia laki. Ukienda tatu kwa msimu ni laki tatu na hiyo nguo huivai tena kwa sababu kila mtu ameshakuona nayo. Sikwambii usiende kwenye shughuli za watu, sisi wa kusini hatuishi hivyo, na wewe ukiwa na lako watakuja. Nenda. Toa mchango, tuza, cheza. Ila sare chagua, ya ndugu wa damu na rafiki wa karibu shona, zile nyingine vaa gauni lako zuri ulilo nalo na hakuna atakayekufukuza mlangoni. Hela ya sare mbili ndio mkoba wako wa Coach wa mtumba, mimi nauza elfu 80 mpaka laki na nusu kutegemea hali yake, na dukani kwao Marekani mpya ni dola mia tatu na zaidi.

Pili, usinunue msimu. Novemba hapa mjini kila kitu kinapanda, mimi mwenyewe napandisha maana wateja wapo na wana hela. Njoo Machi, njoo Aprili, masika imekolea, hela ya korosho imeisha, sisi wafanyabiashara tunataka kurudisha mtaji tukafungue robota jingine. Hapo mkoba niliokuwa nashikilia laki na ishirini nakupa sabini bila kelele.

Tatu ni macho. Coach ile yenye herufi C kitambaa kizima, tazama mbele kwenye mshono wa katikati, ya kweli zile C zinapangwa zikae sawa kulia na kushoto, kopi utakuta C imekatwa shingo upande mmoja na upande mwingine iko nzima. Mikoba yao ya zamani ndani ina kipande cha ngozi kimeshonewa kwenye bitana kina maandishi na namba, pitisha ukucha, namba imezama kwenye ngozi haijachapwa juu juu kwa wino. Vuta zipu taratibu, ikikwama kwama mara tatu rudisha. Nusa. Ngozi ina harufu ya ngozi hata ikiwa ya zamani, plastiki inanuka gundi hasa ikikaa kwenye jua la saa saba, ndio maana mimi wateja wangu nawaambia toka nayo nje kwanza.

Kijana_wa_Ndoro
Mama Chikongola umeongea. Niongeze kwa upande wa wanaume maana na sisi tunapenda. Polo za Lacoste, Ralph Lauren na jinzi za Levi's ndo zinapatikana kirahisi kwenye marobota kuliko kitu kingine na hapa Lindi watu wengi hawazijui wanazipita tu, wanachagua zile zenye maandishi makubwa kifuani. Mi shati nalipata elfu 8 mpaka elfu 15, nampelekea fundi abane ubavuni na kufupisha mkono, elfu 3 au 5, limekaa kama nimeshonewa mwilini. Nguo ya brandi ambayo haijakukaa inaonekana mbaya kuliko ya kawaida iliyokukaa, kwa hiyo weka hela ya fundi kwenye bajeti toka mwanzo. Na suruali nzuri za kitambaa cha sufu nyepesi hazigombaniwi kabisa huku kwa sababu ya joto, ukizikuta beba.

AfisaMikopoMstaafu
Binti, kwenye swali lako hukugusia kukopa, na ukija kushawishika huko ndiko nataka uepuke. Nimekaa na watumishi wengi wanaoletwa na madeni. Sheria inataka mtumishi abaki na theluthi moja ya mshahara baada ya makato, wewe ushakatwa na Bodi, kwa hiyo nafasi yako ya mkopo rasmi imepungua, na watu wakikosa kwenye mfumo wanaishia kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Kuna mtumishi ninayemfahamu alichukua laki tatu kwa ajili ya simu na viatu, riba asilimia 30 kwa mwezi, akaacha kadi ya benki na namba ya siri kama dhamana, mshahara ukiingia tarehe 24 mkopeshaji anafika kwenye ATM kabla yake. Alichokuwa anapata ni kilichobaki. Zile aplikesheni za mikopo za kwenye simu nazo uzikimbie, Benki Kuu imeshatangaza kwamba nyingi hazina leseni, na wanaanza kuwatumia meseji watu wote walioko kwenye simu yako kwamba wewe ni mdaiwa.

Kama unataka chombo cha kuwekea hela ingia kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba, cha watu unaowajua kazini. Unaweka elfu 20 kwa mwezi, huigusi, mwisho wa mzunguko una hela yako taslimu mkononi na unaenda kwa Mama Chikongola ukiwa na nguvu ya kupatana. Mwenye taslimu bei anaipanga yeye.

Lipa mdogo mdogo kwa wauzaji wa mtandaoni nayo ni hatari kama hujui duka liko wapi. Unatuma elfu 30, unatuma elfu 40, siku ya kutumiwa mzigo kwa basi namba haipatikani.

FundiNgoziLindi
Salaam. Mimi natengeneza viatu na mikoba, naomba niseme jambo moja ambalo huku pwani wengi hawaambiwi. Hewa yetu ina unyevu na joto mwaka mzima na inaua mikoba. Ile ya ngozi bandia ina tabaka la plastiki juu ya kitambaa, unyevu unaingia na lile tabaka linaanza kuchubuka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, na likianza fundi hana la kufanya, naletewa kila wiki nazirudisha. Kopi ya elfu 60 inayong'aa dukani, ukimaliza masika moja unaitupa. Ngozi halisi ikipata ukungu ule wa unga mweupe inafutika, inapakwa mafuta ya ngozi kidogo, inarudi. Mshipi ukikatika naushona, zipu naibadilisha, kona ikilika naipaka rangi. Kwa hiyo ukilinganisha usiangalie bei ya siku ya kununua, angalia utatembea nayo miaka mingapi.

Usiifungie kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati, watu wanadhani wanaitunza kumbe wanaichemsha. Ijaze magazeti isipoteze umbo, ifunge na kipande cha kanga kuukuu au kitambaa chochote cha pamba, na kila baada ya wiki mbili itoe ipate hewa kivulini. Vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, weka ndani. Na ukitoka kuogelea Msimbati au Mikindani usitupie nguo zenye maji ya bahari ndani ya mkoba wa ngozi, chumvi inakausha inapasua.

BintiLigula
Asanteni sana sana, Mama Chikongola umenigusa kwenye sare, nimekaa nikapiga hesabu ya msimu uliopita nikanyamaza. Afisa asante, kuhusu kukopa nimekuelewa kabisa na la kikoba nalifanyia kazi, ofisini kwetu kipo.

Sasa kuna hili. Kuna dada wa Dar anauza mtandaoni, kaweka Speedy ya Louis Vuitton ya mtumba laki mbili na nusu, anasema ni oriji, picha nzuri, anatuma kwa basi kutoka Mbagala. Nimeipenda mpaka usingizi umekata. Nitajuaje?

MamaChikongola
Mwanangu tulia. Speedy ya kweli hata ikiwa imetumika bei yake huko duniani mara nyingi inafika milioni na zaidi, kampuni hiyo haifanyi punguzo kabisa na bidhaa zake inauza kwenye maduka yake yenyewe, ndio maana hata zilizotumika hazishuki sana. Laki mbili na nusu kwa mtu anayejua anachouza? Inatokea kwenye robota mtu asiyejua akauza hivyo, lakini huyu anajua jina, kaliandika.

Mwambie akupigie picha nne bila maua wala taa. Ya kwanza mbele, ya pili nyuma. Speedy ya ile canvas ya herufi za LV kitambaa chake ni kipande kimoja kinachozunguka chini hakijakatwa, kwa hiyo mbele herufi zikiwa zimesimama basi nyuma lazima zikae kichwa chini. Nyuma zikiwa zimesimama nazo, usiendelee na maongezi. Ya tatu mikono, ni ngozi isiyopakwa rangi, ikiwa mpya ni ya rangi ya maziwa na ikishikwa shikwa na jua inageuka rangi ya asali, sasa mkoba uliochakaa kona halafu mikono bado myeupe jiulize. Ya nne ndani, zile za zamani zina alama ya herufi na namba imegongwa kwenye ulimi wa ngozi au kwenye bitana, kuanzia 2021 wameacha wanaweka chipu ndani huioni kwa macho. Alama yenyewe wanaighushi pia kwa hiyo usinunue kwa alama peke yake.

Akikataa kupiga picha umepata jibu.

SheMikindani
Na hata ukiipenda sana dada, kopi ya LV haifai kuinunua ukijua ni kopi. Bidhaa bandia ni kosa kisheria na FCC, ile Tume ya Ushindani, wanazikamata bandarini na madukani. Laki mbili na nusu ni Coach ya kweli na viatu vya ngozi juu.

BintiLigula
Nimemuomba picha ya nyuma. Kanitumia ile ile ya mbele kaigeuza kushoto kulia, mshipi uliokuwa kulia sasa uko kushoto na herufi za LV zinasomeka kinyume. Nimemuaga.

Mama Chikongola unafungua robota lini tena? Mwezi huu nina elfu 45 iliyobaki, nyingine nitakuwa nayo tarehe 24. Nataka ya ngozi ya kahawia au nyeusi, mshipi mrefu wa kuvuka kifua kwa sababu napanda bodaboda, iingie faili la A4 na chupa ya maji.

MamaChikongola
Alhamisi asubuhi, njoo kabla ya saa mbili maana wachuuzi wa Masasi wanafika mapema na wanabeba vya ngozi vyote. Kuna mmoja mweusi wa mzigo uliopita, mshipi mrefu, zipu ya mfuko wa ndani imeharibika lakini nyingine zote nzima, huo nitakuwekea uangalie. Faili la A4 linaingia, nimejaribu sasa hivi. Acha hiyo 45 kama kianzio, malizia tarehe 24, nitakuandikia kwenye daftari na wewe ondoka na karatasi yako.

FundiNgoziLindi
Mkoba wenye zipu mbovu mpe mtu wa basi la asubuhi la Lindi aniletee, unaupata jioni. Muulize Mama kama ni zipu ya chuma au ya plastiki nitafute inayofanana kabla haujafika.