Tupeane uzoefu: pikipiki gani inafaa kazi ya kusambaza vifurushi hapa Dar?

Mwana Mabibo
Wakuu, habari za jioni. Nina kazi ya kuwapelekea watu mizigo ya maduka ya mtandaoni. Nguo, viatu, vipodozi, mara mojamoja keki. Nachukua Kariakoo, napeleka popote mteja alipo. Siku zote nawapa mzigo vijana wa kijiweni, na juzi mmoja kanifikishia katoni ya sahani inalia kama kayamba. Nimechoka, nataka chombo changu. Mfuko wangu ni wa mtu wa kawaida, sio wa mheshimiwa. Boxer 125 au 150? TVS? Au hizi za Kichina? Mlioishi humo tupeane uzoefu. Maneno ya wauzaji nimeshayasikia.

Ngoja Waje
Nimekaa pale.

Fundi Kipara
Mkuu, kabla ya jina la pikipiki, sema unapeleka wapi. Kama ni Posta, Upanga, Sinza, Mikocheni, hiyo ni lami tupu na foleni, 125 inakutosha na chenji inabaki. Kama ni Goba, Kibamba, Chanika, Bunju ndanindani, hapo kuna kilima, mchanga na matope kwa zamu.

Halafu mzigo haubebeki kama abiria. Abiria anajishikilia, kona mnalala wote. Boksi halijishikilii. Na wengi wanalifunga nyuma kabisa ya tairi, mwishoni mwa keria, matokeo yake mbele kunakuwa kwepesi, usukani unacheza ukifika hamsini. Wananiletea wakidhani bearingi za usukani zimekufa. Wala. Nasogeza keria mbele, naifunga kwenye fremu yenyewe na sio kwenye madigadi, anaondoka ananishukuru.

Kuhusu majina, kwangu Boxer na TVS zote ni Wahindi, zote spea zipo mpaka kwa mangi wa mtaani. Pleti za klachi, kebo, cheni na sproketi (yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni), breki shuu, hivyo ndivyo vitu utakavyonunua maisha yako yote. Pikipiki ambayo pleti zake lazima uzifuate Kariakoo wakati wewe umekwama Kimara sio ya kazi.

Mtoto wa Mbagala
Chukua 150 ufunge mjadala. 125 ni ya kwendea kazini.

Hesabu Kali
Mtoto wa Mbagala usimpoteze mwenzio. Kwanza hiyo Boxer "150" ni cc 144.8, soma kwenye kadi. Pili, leseni. Daraja A1 ni kwa pikipiki isiyozidi cc 125. Ukipanda juu ya hapo unatakiwa uwe na A. Vijana kibao wanaendesha 150 na A1 mfukoni, siku trafiki akiamka vibaya wanaanza kumwita afande mkubwa.

Mtoto wa Mbagala
Cc 144 au 150, kwani unaipima kwa kijiko? Nasema nguvu. Weka katoni tatu za viatu kwenye 125 upandishe Goba tuone.

Hesabu Kali
Napandisha kila siku. Gia ya pili, taratibu. Wewe unataka upande kilima na gia ya nne ili iweje? Halafu jioni unalia mafuta yameisha. EWURA, wale wasimamizi wa nishati, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi wanatoa bei za mafuta, wenye 150 siku hiyo hawali mchana.

Binti wa Shekilango
Hahaa hawali mchana 😂

Mimi ni mwanamke na nafanya kazi hii. Kitu ambacho kaka zangu hawakisemi ni urefu wa siti. Kwenye foleni ya Ubungo unasimama na kuondoka, unasimama na kuondoka, na boksi limejaa nyuma. Kama nyayo hazifiki chini zote mbili, mzigo ukiegemea upande mmoja unakuangusha umesimama. Mimi 150 niliikataa dukani palepale kwa sababu hiyo. Nimechukua TVS HLX 125, nakanyaga chini vizuri. Nendeni mkakae juu yake, tena mwambieni muuzaji awawekee mtu au gunia nyuma, ndipo mjue.

Mpenda Skuta
Skuta mbona hamzitaji? Zile za Kijapani za mtumba. Haina gia, katikati pana sehemu ya kuweka mzigo, unavaa hata suti. Kwa vifurushi vya mjini ni nzuri sana.

Fundi Kipara
Mjini sawa. Ila tairi lake dogo, shimo ambalo Boxer inalimeza skuta inaingia nzima. Na mkanda wake ukikatika, mtafute mwenye mkanda.

Chombo Kimezima
Fundi, umetaja pleti za klachi, umenikumbusha mbali. Wacha niandike japo nipo kazini.

Nilikuwa naendesha pikipiki ya hesabu, yaani ya mtu, kila siku namletea hela yake. Ya Kichina, jina sitaji. Mwenye chombo alikuwa mtu wa kubana mpaka tone, akaambiwa na mtu wake kwamba ukiweka sproketi ndogo nyuma chombo kinakimbia na kinakula mafuta kidogo. Akaweka bila kuniuliza. Kwenye lami ya Nyerere Road ni kweli, inateleza yenyewe. Kilima ndipo kinapokudai.

Siku hiyo mzee mmoja Kariakoo akanipa mzigo wa Chanika. Msiba. Mfuko una sanda, kafuri, udi, marashi, kila kitu cha kumsitiria marehemu. Maziko saa kumi, baada ya alasiri. Nikasema huu ni mzigo wa nguo tu, naruka. Mzee akaongeza gunia la mchele kilo hamsini na dumu la mafuta ya kula, la lita ishirini, kwa ajili ya watu wa msibani. Nauli akaongeza pia, kwa hiyo sikubisha.

Mpaka Gongo la Mboto hakuna shida. Kuanza kupandisha Pugu, nasikia injini inapiga kelele na pikipiki haiendi. Nashusha gia, kelele zinazidi, mwendo unapungua. Halafu ile harufu. Anayeijua anaijua, inakaa kwenye nguo mpaka ufue. Pleti zimeungua zote. Nikabonyeza klachi, nikaachia, hola. Nimesimama katikati ya kilima, jua la saa tisa, lori la mchanga linanipigia honi nyuma.

Simu inaita. "Kijana umefika wapi? Marehemu ameshaoshwa." Nikasema nakaribia, shehe. Hivi hapo wewe ungesemaje? Dakika tano inaita tena, safari hii mama analia, wala haongei. Boda zinapita zina abiria, nazipungia, hakuna anayesimama. Mwisho akasimama mmoja, kabeba dada ana mkoba wa kazini. Nikamwonyesha mfuko, nikamwambia hii ni sanda. Yule dada hakuniuliza neno la pili. Akashuka, akanipa kofia ngumu aliyokuwa amevaa, akasema "wahi wewe, mimi nitapanda daladala." Sikumjua na sijamwona tena.

Pikipiki, mchele na dumu nikaviacha kwa mama mmoja anayeuza mihogo pembeni ya barabara. Tumefika Chanika wanaume wamejaa uani, wengine wananitazama kama mimi ndiye niliyeua. Shehe akaupokea mfuko, akaingia ndani. Wakazika magharibi inaingia.

Binti wa Shekilango
Jamani. Huyo dada Mungu amlipe.

Ngoja Waje
Mchele ulifika?

Chombo Kimezima
Ulifika kesho yake. Dumu lilikuwa limepungua kidogo. Sikuuliza.

Mnyonge wa Tandika
Mama mihogo kakaangia 😂😂😂

Mtoto wa Mbagala
Ulilipwa nauli lakini?

Chombo Kimezima
Nililipwa yote, tena mzee akaniambia nirudi kula arobaini. Mwenye chombo ndiye aliyesema pleti nilipe mimi na hesabu ya siku ile niilete.

Mnyonge wa Tandika
Hao ndio wenye vyombo. Anabadilisha sproketi yeye, inakula kwako wewe.

Bosi Mwenye Tatu
Acheni kutusema. Mimi nina tatu barabarani. Dereva anapakia kilo sabini kwenye pikipiki yako bila kukwambia, anaing'ang'aniza kilimani mpaka pleti zinaisha, halafu anakuja kuandika hadithi ya kuliza watu. Kilo sabini na yeye mwenyewe, kwani ni kirikuu?

Chombo Kimezima
Bosi, wewe ndiye yeye?

Bosi Mwenye Tatu
Zangu ni Boxer, tena sproketi za kiwandani. Usinizushie.

Ngoja Waje
Mkuu, sasa ilikuwa Kichina gani, tuikwepe?

Chombo Kimezima
Nimesema jina sitaji.

Fundi Kipara
Na wala jina lisingemsaidia. Hata Boxer ukiipunguzia sproketi ya nyuma na kuipa mzigo huo, Pugu itakuonyesha. Mwana Mabibo, kazi yako inasimama na kuondoka siku nzima, iache ya kiwandani. Kama lazima uguse, ya nyuma iwe kubwa zaidi, sio ndogo. Utapoteza spidi ambayo kwenye foleni huna pa kuitumia.

Hesabu Kali
Hapo nakuunga mkono, ingawa kwenye 125 ya kiwandani sioni haja ya kugusa.

Kijana wa Kisasa
Wazee, dunia imehama. Chukua ya umeme. Haina klachi, haina oili, haina plagi. Hadithi nzima ya sanda isingekuwepo.

Mnyonge wa Tandika
Ingekuwepo, tena chaji ingeisha Chanika kwenyewe, angezikwa na wao.

Kijana wa Kisasa
Unabadilisha betri kituoni, unaondoka.

Mnyonge wa Tandika
Kituo kipo Chanika? Nakuuliza wewe.

Kijana wa Kisasa
Mwenye uzi anakaa Mabibo na anachukua Kariakoo. Kwani Chanika imetoka wapi?

Mwana Mabibo
Wakuu nawasoma wote. Chanika napeleka pia, ila kwa wiki mara chache. Nyingi ni Sinza, Kijitonyama, Tabata na Kigamboni. Kigamboni je, niende na pantoni au daraja?

Binti wa Shekilango
Ukitokea Kariakoo na unakwenda Ferry kule kwenyewe, pantoni, ila foleni yake haina adabu. Ukienda Kibada au huko ndani, pita daraja la Nyerere. Tozo lipo, mwandikie mteja mapema, usije ukalipa mfukoni kwako. Na mvua ikinyesha, Jangwani usiende kubahatisha. Mto Msimbazi ukijaa barabara inafungwa na mzigo wako upo upande wa pili. Boksi nunua la faiba lenye kifuniko chenye mpira pembeni. La bati linapitisha maji kwenye misumari, gauni la mteja linafika lina kutu.

Mpitanjia
Usinunue mpya. Mpya dukani wanafunga wenyewe haraka haraka, nati nusu zimelegea.

Mtoto wa Mbagala
Usinunue ya mkononi. Boda iliyouzwa na boda mwenzio imeshakufa, imepakwa rangi tu.

Mpitanjia
Sasa anunue nini, punda?

Mnyonge wa Tandika
Bajaji. Unaweka na mke.

Hesabu Kali
Kuna moja hamjaligusa. Ukibeba mizigo ya watu kwa jina la kampuni, huduma za vifurushi zinasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuna leseni yake. Anza ulivyo, lakini ukiwa na pikipiki mbili tatu zenye nembo mgongoni uende ukaulize.

Mwana Mabibo
Asanteni. Naelekea kwenye 125. Kuna moja ya mkononi Tabata, Jumamosi naenda kuiangalia, naomba fundi aniambie niangalie nini.

Fundi Kipara
Mwambie mapema asiiwashe kabla hujafika. Ukifika shika injini, ikiwa ya moto ondoka, ameficha kitu. Iwe baridi, piga kiki wewe mwenyewe. Ikiwaka, ipe moto kidogo, angalia sailensa. Moshi wa bluu unaoendelea ni ringi zimekwisha, anaunguza oili. Sikiliza juu kwenye kichwa cha injini kama kuna chakachaka, hiyo ni cheni ya taimingi au valvu. Halafu tafuta kilima, mpakize mwenye chombo nyuma, panda na gia ya pili. Injini ikilia bila mwendo kuongezeka, unajua tayari.

Kisha chukua namba ya chesesi na ya injini, fananisha na kadi herufi kwa herufi. Tazama kama chuma kimekwanguliwa. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na mkabadilishe umiliki TRA. Ukinunua na kadi ya marehemu mjomba wake, siku ikikamatwa utamtafuta mjomba.

Hesabu Kali
Na uangalie kama inadaiwa faini za barabarani, namba ya usajili tu inatosha kukagua. Kuna mtu amenunua chombo akalipia makosa ya watu watatu.

Bosi Mwenye Tatu
Na keria ukifunga, usitoboe fremu.

Fundi Kipara
Hapo bosi amesema. Unafunga kwa klampu au kwenye matundu yaliyopo.

Dalali Mwaminifu
Mkuu Mwana Mabibo, achana na hiyo ya Tabata, naijua. Ninayo Boxer 125 Mwananyamala, ilikuwa ya mwalimu, inaenda shule na kurudi tu, haijawahi kubeba hata kuku. Njoo inboksi.

Ngoja Waje
Mwalimu wa shule gani, Chanika?