Naomba ushauri: imatinibu (dawa ya saratani ya damu) imeanza kushindwa kwa dada yangu, tupime nini kabla ya kubadilisha dawa?

Habari zenu wakuu. Dada yangu ana saratani ya damu aina ya CML. Kwa nilivyoelewa, vipande vya kromosomu 9 na 22 vilibadilishana nafasi, ikazaliwa protini ya BCR-ABL. Hiyo ni kinasi: hubandika fosfati kwenye protini nyingine na hivyo kuziamuru zifanye kazi. Kinasi ya kawaida huwaka na kuzimika. Hii haizimiki, ndiyo maana seli zinaamriwa kugawanyika usiku na mchana. Imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huziba pale kinasi inapochukulia ATP, molekuli inayoipa fosfati hiyo.

Sasa BCR-ABL inapanda tena kwenye vipimo. Dawa anameza kila siku bila kuruka, hilo nalisimamia mwenyewe. Nimesoma kuhusu badiliko la jeni la BCR-ABL liitwalo T315I: asidi amino moja tu ikibadilika, imatinibu haishiki tena, wala dawa nyingine za kundi lake, dasatinibu na nilotinibu. Daktari anataka kumhamishia dasatinibu moja kwa moja. Je, tusisitize kwanza apimwe mabadiliko ya jeni? Na kwa aliyetumia ponatinibu (dawa ya kundi hilo inayoshika hata T315I, ila huweza kudhuru moyo na mishipa ya damu), moyo na mishipa yake vilifuatiliwaje? Naombeni msaada jamani, naogopa sana tusije tukapoteza muda kwa dawa isiyomfaa.